Bunduki za hewa za springi: Usinunue namba ya kwenye boksi

Fungua duka lolote la mtandaoni la Ulaya au Marekani linalouza bunduki za hewa. Kwenye boksi utakuta namba moja imeandikwa kubwa kuliko hata jina la kampuni: futi 1,250 kwa sekunde. Zingine zinapanda hadi 1,300. Sasa kama ulilelewa na michezo ya simu kama mimi, ambapo silaha inachaguliwa kwa kuangalia ni ipi ina mstari mrefu wa nguvu, akili inakuambia papo hapo: hiyo ndiyo kali, weka kwa kikapu.

Tulia kwanza, buda. Hiyo namba ndiyo imewafanya watu wengi watoe pesa nzuri kwa chuma ambacho hakiwezi kugonga mkebe wa soda mara tano mfululizo.

Naandika hii kwa sababu nimekuwa nikiulizwa swali hili na vijana wa kwetu walioko majuu, hasa Uingereza na Ujerumani. Mmoja yuko Leeds. Wenzake wa kazini wamemwalika kwenye klabu ya kulenga shabaha, anataka kununua bunduki yake mwenyewe, na pesa aliyo nayo ni ya bunduki moja tu. Akikosea, hana ya pili. Tena hataki kwenda huko kuchekwa.

Kwa sisi tulio hapa Kenya, wacha tuelewane kabla sijaingia ndani. Mambo ya silaha hapa yanaongozwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na leseni hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha. Bunduki ya hewa si kitu cha kuagiza mtandaoni kama earphone halafu uombe Mungu ipite forodhani. Waulize bodi kabla ya kulipa hata shilingi moja. Na hata uwe na karatasi zote, fikiria saa mbili usiku, wewe umeshika kitu chenye mtutu na kitako pale Kayole ama Kisauni. Polisi aliye mita thelathini hajui kama ndani kuna springi ama baruti, na hatakusubiri umfafanulie. Kwa hivyo soma kama mtu anayependa kujua vitu vinavyofanya kazi, au kama mtu aliye mahali ambapo mchezo huu una njia yake halali.

Na hata huko kuna sheria. Uingereza, bunduki ya hewa isiyozidi futi-pauni 12, yaani kama jouli 16, unaweza kununua bila leseni ukiwa na miaka 18 kwenda juu, lakini muuzaji lazima akukabidhi ana kwa ana. Ukivuka mpaka kuingia Scotland, tangu mwisho wa 2016 unahitaji cheti. Ireland ya Kaskazini ni kali zaidi. Ujerumani wanaweka kikomo cha jouli 7.5, na bunduki halali huwa imepigwa muhuri wa herufi F ndani ya pembe tano. Kubeba bunduki ya hewa hadharani Uingereza bila sababu halali ni kosa, hata kama haina chochote ndani. Jamaa wa Leeds, hiyo ni yako: iingie kwa begi lake, lifungwe, itoke nyumbani hadi klabuni, irudi.

Ndani kuna nini?

Bunduki ya springi ni mashine rahisi sana, na ndiyo maana naipenda. Unakunja mtutu au unavuta wenzo. Pistoni inarudi nyuma ndani ya silinda, inabana springi nene ya chuma, halafu inanaswa na triga. Ukivuta triga, springi inafunguka, pistoni inaruka mbele na kuibana hewa iliyo mbele yake kwa nguvu na ghafla. Hewa hiyo inapita kwenye tundu dogo na kusukuma peleti. Hakuna mtungi wa gesi wala pampu ya kwenda nayo shambani. Unakunja, unapakia, unafyatua.

Peleti yenyewe ni kijirisasi chenye kiuno kama cha nyigu, kichwa kizito na sketi nyuma. Hewa inaipanua ile sketi ili ishike vizuri mistari ya ndani ya mtutu. Nyingi ni za milimita 4.5, zingine 5.5. Ni madini ya risasi kweli kweli, kwa hivyo nawa mikono kabla ya kugusa chipo.

Shida inaanza pale pistoni inaporuka. Kitu kizito kikikimbia mbele ndani ya bunduki, bunduki yenyewe inasukumwa nyuma. Halafu pistoni inafika mwisho wa silinda, inagonga mto wa hewa, na bunduki inarushwa mbele. Teke mbili, moja nyuma moja mbele, na zote zinatokea peleti ikiwa bado ndani ya mtutu. Bunduki ya baruti hupiga teke upande mmoja tu. Ndiyo maana mwanajeshi mstaafu anaweza kushika bunduki ya springi ya bei ya chini akashangaa mbona inamwaibisha mbele ya mtoto wa miaka 15.

Ukiibana kwa nguvu kama vile unaogopa kunyang'anywa, unaibadilisha njia ya kuruka kila mara, kwa sababu huwezi kubana kwa nguvu ileile mara mbili. Wazoefu hufanya kinyume. Wanailaza juu ya kiganja kilicho wazi, bila kuishika, na wanaiacha iruke inavyotaka, ila kila mara kutoka sehemu ileile. Usiiegemeze moja kwa moja kwenye meza au ukuta. Itadunda na peleti itaenda kwa jirani.

Wajerumani walihangaika na hizi teke kwa miaka. Kampuni ya Feinwerkbau pale Oberndorf iliweka mashine nzima juu ya reli, ili ukifyatua, chuma chote kiteleze nyuma huku kitako kikibaki begani kimetulia. Model 150 ilitoka 1961, baadaye ikaja 300S. Diana nao wakatumia mfumo wa Giss: pistoni mbili zinazokimbia kinyume, moja mbele moja nyuma, zinafutana teke. Ujinga mtamu sana huo, na ulifanya kazi. Mchezo wa bunduki ya hewa ya mita 10 ulipoingia Olimpiki mwaka wa 1984 kule Los Angeles, akili kama hizo ndizo zilikuwa zimeukuza. Siku hizi mabingwa wanatumia hewa iliyobanwa kwenye mtungi, haina teke kabisa, lakini 300S iliyotunzwa bado inatoboa tundu juu ya tundu kwa mita 10.

Sasa rudi kwa ile 1,250

Tufanye hesabu kidogo, usikimbie. Peleti ya kawaida ya milimita 4.5 ina uzito wa kama nusu gramu. Bunduki yenye jouli 16, kikomo cha Uingereza, inaitoa kwa takriban mita 240 kwa sekunde. Hiyo ni kama futi 800. Ili peleti hiyohiyo itoke kwa futi 1,250 ungehitaji karibu jouli 40. Springi ya bunduki ya kawaida haifiki huko.

Basi wale wa boksi walipata wapi hiyo namba? Walipima kwa peleti nyepesi ya aloi, kama theluthi moja ya gramu, ambayo wewe hutaitumia kwa shabaha. Ni kama kupima mwendo wa matatu ikiwa haina abiria, tena kwenye mteremko wa Limuru, halafu unaandika kwa tiketi.

Na hata ukifika karibu na hiyo kasi, umenunua matatizo. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Peleti inapokaribia au kuvuka kasi hiyo hewa inaisukasuka, inaanza kuyumba, kisha inatua popote. Kiuno cha nyigu hakikuumbwa kwa mwendo huo. Zaidi ya yote, nguvu nyingi ina maana springi ngumu: kukunja mtutu kunakuwa mazoezi ya gym, teke zinazidi, skrubu zinalegea, darubini inakufa. Risasi ya ishirini mikono inatetemeka. Utalenga nini na mikono inayotetemeka?

Msimamo wangu ni huu, na sitauzungusha: kwa anayeanza, bunduki dhaifu yenye triga nzuri inamshinda jitu lenye triga mbaya. Kila siku ya wiki.

Nne nilizolinganisha

Zipo nyingi sokoni, lakini nimechagua nne kwa sababu kila moja inakuonyesha kitu tofauti unacholipia.

Anza na Weihrauch HW30 S. Weihrauch ilianza 1899 kule Zella, na baada ya vita vya pili vya dunia familia ikahamia Mellrichstadt, Bavaria. Hizo herufi HW ni za Hermann Weihrauch. HW30 S ni ndogo, kama kilo mbili na nusu, ya kukunja mtutu, na nguvu yake ni takriban nusu ya kile Uingereza wanaruhusu. Kwenye boksi haina cha kujigamba. Lakini ndani ina triga inayoitwa Rekord, ambayo imekuwepo tangu miaka ya 1950 na bado watu wanaitumia kama kipimo cha triga zingine. Unavuta hatua ya kwanza, unasikia mahali inaposimama, unapumua, unaongeza kidogo tu, imeenda. Hakuna kukisia. Hiyo herufi S ina maana, kwa hivyo uliza kabla ya kulipa kama unayopewa kweli ina Rekord.

HW30 S inakunjwa kirahisi kiasi kwamba utapiga risasi mia kwa mchana mmoja bila kulalamika. Na hapo ndipo siri ilipo: anayepiga mia anajifunza kuliko anayepiga kumi na tano akaenda kulala na maumivu ya bega. Kwa mita 10 hadi 25 ni raha tupu. Ukivuka mita 35, peleti inaanza kushuka sana na upepo unaichezea. Jua hilo mapema.

Ya pili ni HW97, ya kampuni hiyohiyo, mzee wa mashindano. Haina mtutu wa kukunja. Mtutu umekazwa pale daima, na wewe unavuta wenzo ulio chini yake. Kwa nini hiyo ni muhimu? Mtutu unaokunjwa una bawaba, na bawaba ni lazima irudi palepale kila mara, elfu kwa elfu. Zikitengenezwa vizuri hurudi, lakini mtutu usiosogea hauna hilo swali kabisa. Ina triga ileile ya Rekord na ina uzito wa kama kilo nne, ambao unatuliza teke. Haina vile vyuma vya kulengea juu ya mtutu, kwa hivyo darubini ni lazima, weka hiyo kwa bajeti. Dada yake, HW77, ni karibu mashine ileile lakini imewekewa vyuma vya kulengea. Kama pesa ya darubini haijapatikana, chukua 77.

Kuna jambo la darubini ambalo wauzaji wengi hawakuambii. Ile teke ya pili, ya kwenda mbele, ndiyo inaua darubini. Nyingi zimejengwa kustahimili teke ya nyuma tu. Kuna watu wameweka darubini ya bunduki kubwa ya kuwindia ng'ombe-mwitu juu ya bunduki ya springi, na baada ya wiki kioo cha ndani kinacheza kama jino bovu. Tafuta iliyoandikwa wazi kwamba ni ya bunduki za hewa za springi, na mshikio wenye pini ya kuzuia, ili isitambae nyuma kidogo kidogo.

Ya tatu ni Air Arms TX200, ya kutoka Hailsham, Sussex, kusini mwa Uingereza. Hii ndiyo Waingereza wakiitaja wanashusha sauti kama wako kanisani. Ni ya wenzo wa chini, zaidi ya kilo nne kabla hujaweka darubini, na kwa kawaida ndiyo ghali zaidi kati ya hizi. Pistoni yake haigusi chuma cha silinda ovyo, inakimbia juu ya pete za plastiki ngumu, na ukifyatua unasikia "tuk" moja tu, hakuna ule mlio wa springi kutetema kama kitanda cha bweni. Mtu aliyezoea, akiwa na peleti inayoipenda, anaweka tano ndani ya duara la sarafu ya bob moja kwa mita 25, anakunywa chai, anarudia.

Je, TX200 ni bora kuliko HW97? Kwa ulaini kutoka kiwandani, naona ndiyo. Kwa kulenga, tofauti kati yake ni ndogo kuliko tofauti kati yako leo na wewe baada ya mikebe kumi ya peleti. Ukiwa na pesa ya HW97 pekee, usikope ya TX200. Hiyo tofauti nunulia peleti na ada ya klabu.

Ya nne, Diana 34. Diana ni chapa iliyoanzishwa na Mayer & Grammelspacher wa Rastatt, kampuni ya 1890, na 34 imekuwa sokoni tangu 1984. Kuna kisa kidogo hapa: baada ya vita vya pili, mitambo yao na hata jina Diana vilichukuliwa kama fidia na kupelekwa Scotland, ikawa Diana za Milbro. Ndiyo maana ukikuta Diana mzee sokoni, uliza ni ya Mjerumani au ya Mskoti, si kitu kimoja. Haya, 34 ni ya kukunja mtutu, ina nguvu, mtutu mrefu unaofanya kuikunja kusiwe kazi, na bei yake huwa ya katikati. Triga mpya, T06, ni ya chuma na inarekebishika. Udhaifu wake ni kwamba mtutu mara nyingi huangalia chini kidogo ukilinganisha na reli ya darubini, na unaweza kumaliza marekebisho yote ya darubini bado unapiga chini. Kuna mshikio maalum wenye mteremko wa kutatua hilo. Si ghali, ila nunua siku hiyohiyo.

Na zile za bei ya chini, kama Gamo za kitako cha plastiki? Gamo ni Wahispania, jina lao ni la aina ya paa, na tangu 1986 ndio wenye BSA, ile kampuni ya Birmingham ambayo babu yako huenda aliijua kwa pikipiki. Sitakuambia ni takataka. Mitutu yao mara nyingi ni mizuri kuliko bei inavyopendekeza. Kinachokuangusha ni triga ndefu, nzito, isiyokuambia itaachia lini. Nyingi siku hizi zina bomba la gesi badala ya springi. Bomba halichoki likiachwa limebanwa kwa muda na halina mlio, sawa. Lakini likivuja hulirekebishi nyumbani, unanunua lingine zima.

Usafi na matengenezo: hapa ndipo mshindi hutokea

Wengi wakilinganisha bunduki wanaishia kwa karatasi ya shabaha. Mimi naangalia mwaka wa tatu. Springi itachoka, sili ya pistoni itaisha, na siku hiyo utajua ulinunua nini.

TX200 inashinda hapa bila ubishi. Unaweza kuifungua mezani kwa funguo chache, kwa sababu springi haijabanwa sana ikiwa imepumzika. HW97 na HW77 zina kizibo cha nyuma chenye nyuzi kama chupa, unakizungusha kinatoka; springi itakusukuma kidogo mwishoni, kwa hivyo shikilia. Diana 34 imeshikiliwa na pini, na nyuma ya pini hizo kuna springi iliyobanwa kwa hasira. Bila klampu ya kukandamizia, ukitoa pini ya mwisho kile kizibo kinaruka na kinaweza kukuvunja taya. Sitanii. Usifungue Diana wala Gamo bila klampu, hata kama jamaa wa video amefanya kwa kifua chake.

Vipuri vya Weihrauch na Diana vinapatikana kirahisi Ulaya, springi na sili, hata za modeli ambazo baba mtu alitumia.

Makosa ya kuua bunduki ni machache na ni yaleyale. La kwanza ni mafuta. Mtu anaona chuma, anamwaga oili ya kawaida kwenye tundu la hewa. Pistoni inapobana hewa ghafla, joto linapanda na ile oili inalipuka, kama injini ya dizeli. Unasikia mlio mkubwa, unaona moshi, unafurahi kumbe nguvu imeongezeka. Nguvu gani? Unachoma sili na kuvunja springi. Bunduki mpya itatoa moshi kidogo kwa risasi za mwanzo, hiyo ni grisi ya kiwandani na itaisha yenyewe. Ukiifungua, paka grisi ya molybdenum kidogo kwenye springi na kando za pistoni, si mbele ya sili. Za zamani zenye sili ya ngozi ndizo huhitaji tone la mafuta yake maalum mara kwa mara.

La pili ni kufyatua bila peleti. Peleti ndiyo inafanya hewa ijae mbele ya pistoni na kuwa mto. Bila hiyo, pistoni inagonga chuma. Usimruhusu rafiki "ajaribu triga tu".

La tatu, na hili si la bunduki, ni la vidole: kamwe usiweke kidole kwenye mtutu uliokunjwa bila kuushikilia mtutu kwa mkono mwingine. Kwa zile za wenzo, shikilia wenzo. Triga ikiachia kwa bahati mbaya, lile tundu linajifunga na kidole chako kiko ndani. TX200 ina meno ya kuzuia, lakini wewe shikilia tu.

Usafishaji wa mtutu wala usikupe presha. Hakuna baruti. Ukiona inaanza kutawanya risasi, vuta kitambaa kwa uzi kutoka nyuma kwenda mbele, mara chache, basi. Usipitishe fimbo ya chuma. Lakini kabla ya hata kugusa mtutu, shika bisibisi ukaze skrubu za kitako. Zile teke mbili huzilegeza taratibu, na ni aibu idadi ya watu wanaouza bunduki nzuri kwa hasira wakati dawa ilikuwa robo ya mzunguko. Nje, futa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila ukimaliza, jasho la vidole huchora kutu usiku mmoja. Watu wa Mombasa hawahitaji kuelezwa hili.

Peleti pia ni sehemu ya bunduki. Kila mtutu una ladha yake, na bunduki mbili za modeli moja zinaweza kukataliana. Nunua mikebe midogo ya aina tatu nne, JSB ya Wacheki, H&N na RWS za Wajerumani, za kichwa cha mviringo kwanza. Piga tano tano kwa kila aina, umbali uleule. Itakayoweka tundu karibu karibu, nunua nyingi za hiyo. Zile za ncha kali zinazovutia kwa macho, zirudishe rafuni.

Ukinunua ya mtumba

Kwa pesa ya Gamo mpya mara nyingi unapata HW iliyotumika, na ningechukua HW. Jamaa wa Leeds nilimwambia hivyohivyo: HW77 ya mtumba kama mikono inaiweza, HW30 S mpya kama haiwezi. Huko Uingereza klabu nyingi zina mashindano ya kugonga vibati vinavyoanguka, hadi yadi 55, na kuna daraja la wenye springi peke yao. HW30 S itapata taabu kwa zile za mbali, lakini itakufunza kusoma upepo haraka kuliko chochote.

Ukifika kwa muuzaji, kwanza angalia vichwa vya skrubu. Vikiwa vimechubuka, kuna mtu aliifungua bila kujua anachofanya. Angalia mtutu kutoka mbele kwa jicho moja. Uliopinda juu ina maana kuna aliyewahi kuvuta triga ukiwa wazi. Ushike mtutu uliofungwa, ujaribu kuutikisa kushoto na kulia. Ukicheza hata kidogo, achana nayo ama punguza bei kwa nguvu. Ikunje polepole: mlio wa kusaga ndani ni springi iliyopinda au iliyovunjika. Ukiikuta Feinwerkbau ya zamani, uliza raba za ndani zilibadilishwa lini, kwa sababu huoza kwa umri hata ikikaa kabatini.

Mwisho, omba apige mara moja kwenye kizuizi salama, ina peleti ndani, huku umelaza kipande cha tishu juu ya kiungo cha mtutu na silinda. Tishu ikiruka, sili ya pale inavuja. Hiyo sili ni pauni chache na dakika tano za kazi, lakini muuzaji hajui kwamba wewe unajua, kwa hivyo nyamaza kwanza, kunja uso, halafu anza kubargain.